Muulize Daktari: Mzizi wa aota umetanuka, vali ing'olewe au iachwe?

SWALI: Dokta shikamoo. Mdogo wangu ana miaka 31, mrefu hatari, vidole hivyo ni kama vya mpiga kinanda, sasa juzi kwenye eko (kile kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti) wamekuta mshipa mkuu pale unapotokea kwenye moyo umetanuka mpaka sentimita 5.1. Anatakiwa afanyiwe upasuaji, kuna wa Bentall na kuna wa David, eti achague mwenyewe. Tumetoka pale hatujaelewa kitu, mama anauliza tu kama moyo utatolewa nje. Na yeye haumwi popote, kwa nini apasuliwe? – Dada mtu

JIBU: Marahaba dada. Mwambie mama moyo hautolewi, unabaki palepale kifuani, unasimamishwa tu kwa dawa baridi yenye potasiamu, na huo muda mashine ndo inafanya kazi ya moyo na mapafu.

Hilo la kutoumwa ndo linarudishaga watu nyumbani halafu wanaletwa usiku wakiwa hoi. Aota, huo mshipa mkuu, ikitanuka kwa kawaida haiumi, inauma siku inachanika, na ikishachanika mgonjwa anaweza asifike hospitali. Ndo maana tunapasua kwa kipimo, hatusubiri maumivu. Kwa watu wengi mpaka ni sentimita 5.5, ila mtu mwenye Marfan, ugonjwa wa kurithi unaolegeza tishu zinazoshikilia mwili (na huo urefu na vidole ulivyovisema vinanifanya niuwaze, waulizeni) tunashuka mpaka 5.0, na kama kwenye ukoo kuna aliyechanika basi hata 4.5.

Sasa mzizi wa aota ni kipande cha sentimita chache tu lakini kimebeba mambo. Ndani kuna vali, yaani mlango wa damu wenye vilango vitatu, kuta zake zina vifuko vitatu vilivyobinuka, na kwenye viwili kati ya hivyo ndo inatokea mishipa ya koronari, ile inayoulisha moyo wenyewe. Kwa hiyo sio kama fundi bomba anakata kipande kibovu anaunga kingine anaondoka, ukikata hapo umegusa vali na umegusa chakula cha moyo.

Bentall ni ya mwaka 1968, ya Hugh Bentall na Antony De Bono huko London. Unachukua bomba la kitambaa cha Dacron ambalo mdomoni limeshashonewa vali, unaondoa mzizi na vali yake, unaliweka hilo. Mwanzoni koronari walikuwa hawazikati, wanashonea ukuta wake kwenye tundu la bomba halafu ile aota ya zamani wanaizungushia juu kama blanketi, damu ikawa inavujia katikati na mishono inavutwa. Siku hizi tunazikata na ukuta kidogo kuzunguka tundu, kinatoka kiduara kama kifungo cha shati (na tunakiita kifungo kweli), ndo tunakishonea kwenye bomba. Zikigoma kufika, mfano aliyeshapasuliwa zamani na makovu yamezishika, kuna njia ya Cabrol ya kuunga kwa kibomba kidogo cha kitambaa.

Mimi hapo kwenye vifungo ndo roho huwa inakaa juu kuliko penginepo. Tundu la kwenye bomba tunalitoboa kwa ncha ya moto, uzi wa kitambaa unayeyuka pembeni usifumuke, mkono dakika mbili tu umemaliza, lakini unatoboa wapi? Moyo muda huo ni mtupu na umesinyaa, ukijaa damu unahama, ukikosea kidogo tu koronari inajikunja kama mpira wa maji uliopinda na mgonjwa anagoma kutoka kwenye mashine.

David ni ya Tirone David wa Toronto, ilichapishwa 1992. Yeye vali anaiacha. Anakata kuta zilizotanuka, anabakisha vilango na ukingo wake, analivisha bomba kwa nje halafu vali anaining'iniza ndani na kuishonea. Kuna na ya Yacoub iliyotangulia, bomba linachanwa ndimi tatu kuwa vifuko vipya, nzuri ila haikazi pete ya chini vali inapokaa, na kwa Marfan pete hiyo inaweza kuendelea kutanuka, ndo maana wengi kwa Marfan tunakimbilia David.

Achague ipi? Vali ya chuma (watu wanaita hivyo ingawa vilango vyake ni vya kaboni) inadumu sana, ila ni wafarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) maisha yote na kupima INR, yaani damu inachukua muda gani kuganda, kila mara, na kwa mwanamke anayetaka kuzaa hiyo dawa ni hatari kwa mtoto tumboni. Vali ya mnyama haihitaji wafarini maisha yote lakini kwa kijana inachakaa mapema. David inamwachia vali yake, hakuna wafarini ya maisha, ila upasuaji ni mrefu na mgumu zaidi na mbeleni vali inaweza kuvuja akarudi mezani. Kwa miaka 31, kama vilango ni vizima, mimi ningeenda na David, ila kwa daktari anayezifanya mara kwa mara. Muulizeni bila aibu amefanya ngapi na ngapi zilirudi. Na mdogo wako ajue kabisa kabla ya nusu kaputi kwamba moyo ukishawaka tunaangalia kwa eko ya kooni, vali ikivuja sana tunarudi tunaweka Bentall hapohapo.

Halafu dada, wewe mwenyewe eko umepima? Marfan mzazi akiwa nayo kila mtoto ana nusu kwa nusu ya kuirithi. Nendeni wote, na mama.

SWALI: Nina Bentall ya vali ya chuma, usiku inagonga tiki tiki mpaka mwenzangu anaisikia. Na jino linaniuma nataka kung'oa.

JIBU: Hiyo milio ni vilango vinajifunga, sio ugonjwa. Siku mlio ukififia ghafla au ukipotea hapo ndo ukimbie hospitali. Jino usiguswe kabla hujamwambia wa meno una vali bandia, unatakiwa antibayotiki kabla, na wafarini usiache kwa akili yako.

SWALI: Hilo bomba la kitambaa mwili hauwezi kulikataa? Linaisha?

JIBU: Halina seli hai, kwa hiyo halikataliwi kama figo ya mtu. Ni poliesta, Michael DeBakey miaka ya 1950 alizishona za mwanzo kwa cherehani ya mkewe. Zamani lilikuwa linavuja mpaka tunaliloweka kwanza kwenye damu ya mgonjwa igande kwenye nyuzi, siku hizi linakuja limeshapakwa jelatini au kolajeni. Adui yake ni bakteria, wakishalikalia kulitoa ni kazi nzito kuliko kuliweka. Bomba lenyewe mimi halinipi presha, kinachonipa ni aota iliyobaki, kuanzia juu ya mshono mpaka tumboni, hiyo bado ni ileile uliyozaliwa nayo, ndo maana tunakuita kwenye siti skani hata ukiwa unajisikia mzima kabisa.