Herufi moja ya DNA inaletaje selimundu?

Swali: Daktari alitueleza kwamba mtoto wetu ana selimundu kwa sababu herufi moja tu ya DNA yake ni tofauti. Mimi na mume wangu ni wazima. Herufi moja inawezaje kuleta ugonjwa mzito namna hii, na je, ilibadilika nilipokuwa mjamzito?

Jibu: Mama, herufi hiyo haikubadilika wakati wa ujauzito wako, wala hakuna chakula, dawa au kazi yako iliyosababisha jambo hili. Badiliko lenyewe lilitokea maelfu ya miaka iliyopita na limekuwa likirithiwa tangu hapo. Kila mtu ana nakala mbili za jeni inayohusika, yaani kipande cha DNA chenye maelekezo; ninyi wazazi, kwa kawaida, kila mmoja ana moja yenye badiliko na moja nzima inayomkinga asiugue, naye mtoto amepokea ile yenye badiliko kutoka kwa kila mmoja wenu.

Jeni hiyo, iliyopo katika kromosomu (kifurushi cha DNA) ya 11, ina maelekezo ya kuunda mnyororo wa beta wa himoglobini, protini inayobeba oksijeni katika damu. Ndani ya kiini cha seli changa za damu, kwenye uboho wa mifupa, jeni hunakiliwa kuwa RNA (nakala ya muda ya maelekezo), vipande visivyohitajika hukatwa, kisha RNA hiyo hutoka hadi kwenye ribosomu, mtambo wa seli unaounda protini, ambako herufi zake husomwa tatu tatu, na kila kundi la herufi tatu huita asidi amino (kiungo kimoja cha protini) moja kati ya aina 20, hadi mnyororo wa asidi amino 146 unapokamilika.

Katika nafasi ya sita, DNA ya kawaida ina GAG, inayoita asidi ya glutamiki. Ya mwanao ina GTG, inayoita valini. Glutamiki ina chaji ya umeme na hupatana na maji, ilhali valini haina chaji na huyakwepa. Himoglobini inapoachia oksijeni, valini hiyo hujishikiza kwenye molekuli jirani, nayo kwenye nyingine, hadi nyuzi ndefu ngumu zinaikunja chembe nyekundu iwe na umbo la mundu. Chembe hizo huziba mishipa midogo, ndiyo sababu ya maumivu makali, na hufa mapema kuliko siku 120 za kawaida, ndiyo sababu ya upungufu wa damu.

Si kila badiliko huwa na madhara. Kama GAG ingekuwa GAA, ribosomu ingeweka glutamiki ile ile. Kama ingekuwa TAG, utengenezaji ungekoma hapo hapo. Mabadiliko ya aina hii hutokea hasa seli inaponakili DNA kabla ya kugawanyika, kwa kuwa vimeng'enya (protini zinazofanya kazi hiyo ya kunakili) hukosea mara chache na makosa machache zaidi huponyoka ukaguzi; mionzi na moshi wa tumbaku huyaongeza. Yanayotokea katika yai au mbegu ya kiume ndiyo yanayoweza kumfikia mtoto.

Badiliko hili lilienea kwetu kwa sababu ya malaria: mwaka 1954 Anthony Allison, aliyefanya utafiti wake Afrika Mashariki, alionyesha kwamba wenye nakala moja tu wanakingwa kwa kiasi fulani dhidi ya ugonjwa huo.

Kwa kila ujauzito ujao, uwezekano wa kupata mtoto mwenye selimundu ni 1 kati ya 4, bila kujali aliyetangulia. Wewe, mume wako na watoto wenu wengine mpimwe aina ya himoglobini kabla ya kupanga mimba nyingine.