Raundi Isiyo na Doa: Kwa Wenzangu Mnaoanza Gofu

Kila klabu yetu hapa Dar es Salaam inapopokea wanachama wapya, hazipiti wiki nne kabla mmoja wao hajaniuliza swali lile lile. Huwa ameshapiga mamia ya mipira kwenye uwanja wa mazoezi, na mmoja au miwili kati ya hiyo imeruka vile vile alivyoiwaza. Mkono umeshaonja ule utamu wa mpira uliogongwa katikati ya fimbo. Ndipo anauliza: "Hivi kaka, sisi wa ridhaa tunaweza siku moja kucheza raundi nzima bila kosa?"

Nimecheza miaka 11, handikapu yangu (mikwaju ninayotarajiwa kuzidi hesabu ya uwanja) ni 14, na jibu langu ni hapana. Nalitoa mapema kwa sababu mimi sikupata mtu wa kuniambia. Miaka mitano ya kwanza niliisaka raundi hiyo, na msako wenyewe ndio ulioniharibia raundi nzuri nilizokuwa nazo mkononi.

Kwanza tujue tunachokitafuta. Uwanja kamili una mashimo 18, na pa yake, yaani idadi ya mikwaju inayotarajiwa kuumaliza, huwa 72 au karibu na hapo. Ukisema raundi kamili ni bedi (mkwaju mmoja chini ya pa) kila shimo, unazungumzia mikwaju 54. Wapo walioichukua namba hiyo kwa uzito wote. Makocha Pia Nilsson wa Sweden na Lynn Marriott wa Marekani walijenga mafunzo yao juu yake, na Annika Sörenstam alilelewa kigofu ndani ya fikra hiyo. Tarehe 16 Machi 2001, huko Phoenix, Sörenstam alipiga 59: bedi 13, pa 5, bila bogi (mkwaju mmoja juu ya pa) hata moja. Hakuna mwanamke aliyekuwa amefika 59 kwenye mashindano kabla yake. Upande wa wanaume, mwaka 2016 Jim Furyk alipiga 58 kwenye Travelers Championship, uwanja wa pa 70: igo 1 (mikwaju miwili chini ya pa), bedi 10 na pa 7. Ziangalie hizo pa 7. Siku bora kuliko zote za maisha yake, kwenye mashimo saba kulikuwa na mkwaju aliouacha nyuma.

Hizo ni siku za nadra. Siku ya kawaida, mchezaji wa kulipwa kwenye ziara kubwa ya Marekani hufika grini, ile nyasi fupi inayozunguka shimo, akiwa bado na mikwaju miwili ya kutimiza pa, kwenye mashimo kama 12 kati ya 18. Akisimama futi 8 kutoka shimoni, hutumbukiza mpira mara moja kati ya mara mbili. Futi 8 ni kitanda cha sita kwa sita ukiongeza hatua ndogo. Huyo ni mtu anayelala na kuamka na fimbo, ana kocha wa kupati (kuuviringisha mpira kwenye grini kuelekea shimoni) na kocha wa viungo. Wewe unatoka kazini saa kumi na moja, unapenya foleni, unawahi mashimo matatu kabla ya giza.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mtu wa ridhaa kama sisi. Bobby Jones wa Atlanta alikuwa mwanasheria, na hakuwahi kushindana kama mchezaji wa kulipwa. Mwaka 1926 alikwenda Sunningdale, karibu na London, kucheza mchujo wa British Open, akapiga 66 ambayo watu wa gofu waliiita raundi kamili na bado wanaiita hivyo. Mashimo tisa ya kwanza 33, tisa ya mwisho 33. Hakuna shimo alilopiga 5, hakuna alilopiga 2. Kadi nzima ni 3 na 4 tu. Kati ya mikwaju hiyo 66, 33 ilikuwa ya kupati.

Sasa hesabu nami. Kupati mara 33 kwenye mashimo 18 maana yake ni kwamba kwenye grini nyingi alipati mara mbili. Wachezaji wa kulipwa wa leo hupati mara 29 hivi kwa raundi. Kwa hiyo raundi iliyopewa jina la kamili ilikuwa imejaa pati zilizokosa shimo, na kwenye shimo la 13, lile fupi, mpira wake uliingia bankani, kwenye mtego wa mchanga. Alitoka, akapati, akaandika 3 yake. Ukamilifu wa siku ile ulikuwa kwamba hakuna kosa lililozaa kosa la pili. Nimekaa na hilo miaka mingi, na ndilo ninalotaka ulibebe kabla ya kitu kingine chochote.

Nililifahamu kwa gharama. Ilikuwa Jumamosi ya Agosti, kusi imeshaamka tangu saa mbili asubuhi. Wakati huo handikapu yangu ilikuwa 16 na kadi yangu bora 84. Siku hiyo kila kitu kilikubali. Baada ya mashimo 13 nilikuwa mbili juu ya pa. Kedi wangu, mzee aliyebeba mabegi tangu ujana wake, hakuwa amesema lolote zaidi ya umbali na upepo. Makedi wazoefu wako hivyo: mchezo wako ukiwa mzuri, wanaugusa kwa ukimya.

Nikiwa natembea kwenda tii ya 14, mahali pa kupigia mkwaju wa kwanza, nilipiga hesabu kichwani. Zimebaki tano. Nikipata pa zote, ni 74. Pale pale mwili ulibadilika. Niliona mabega yamepanda, na glovu niliyoivaa saa tatu nzima bila kuikumbuka ikaanza kunibana.

Shimo la 14 ni pa 4 inayopinda kulia, na kwenye kona ipo miembe. Mzee alishanitolea ayani 4, fimbo salama kuliko draivu, ile ya kupigia mbali kuliko zote. Nikamwambia, "Mzee, nipe draivu."

"Mwanangu, draivu inafika kwenye miti."

"Nitaikatisha kona."

Akanipa. Kedi hukushauri mara moja, kisha hukuachia fimbo. Mpira ukaenda kulia moja kwa moja, tukausikia ukigonga tawi.

Tuliukuta chini ya mwembe, juu ya majani makavu. Wenzangu walikuwa mbali, upande wa pili, na mzee alikuwa amepanda mbele kuangalia bendera. Niliinama kuondoa majani mawili yaliyokuwa nyuma ya mpira. Jani la pili lilikuwa limelala chini yake kidogo kuliko nilivyoona. Mpira ukajiviringa, labda nusu ya upana wake, ukatulia. Kanuni iko wazi: ukiondoa majani na mpira ukasogea kwa sababu hiyo, unaurudisha pale ulipokuwa na unajiandikia mkwaju mmoja. Nikaurudisha. Hapo ilikuwa miwili.

Halafu nikafanya kosa lililokuwa kubwa kuliko lile la draivu. Kati ya mashina mawili palikuwa na mwanya unaotosha mtu kupita kwa ubavu, na mbele yake niliiona grini. Nyuma yangu palikuwa wazi kabisa kurudi kwenye feawei, ile njia ya nyasi zilizokatwa. Nikachagua mwanya. Mpira uligonga shina na kubaki mle mle mitini. Mkwaju wa nne nikatoka nje, wa tano ukaingia bankani, wa sita ukafika kwenye grini, nikapati mara mbili. Nane.

Mashimo manne yaliyobaki nilicheza kama mtu aliyefiwa: bogi, bogi, pa, bogi. Nikamaliza 81.

Nikaketi kwenye ukuta wa veranda na kadi mkononi, sitaki hata maji. Mzee akaja kuchukua chake, akaitazama kadi, akanitazama mimi. "Mwanangu, wewe umewahi kupiga 81?"

Sikuwahi. Nilikuwa nimeivunja rekodi yangu kwa mikwaju mitatu, na nilikuwa nahuzunika. Siku bora ya gofu yangu nilikuwa nakaribia kwenda nayo nyumbani kama msiba, kwa sababu nilikuwa nailinganisha na 74 ambayo haikuwahi kuwepo popote ila kichwani mwangu kati ya grini ya 13 na tii ya 14.

Tangu siku hiyo nafanya mambo machache, na ningependa mnaoanza myafanye tangu mwezi wa kwanza.

Kadi ijumlishwe baada ya shimo la 18. Andika namba, funga kadi, iweke mfukoni. Mwenzako anayekuandikia akitaka kukutajia umefika wapi, mwombe kwa upole anyamaze.

Ukiingia mitini, rudi kwenye feawei. Ukitoka kwa mkwaju mmoja na kupata bogi, umelipa deni lote la kosa lako. Miaka miwili sasa nimekuwa nikiweka alama ndogo kwenye kadi kila ninapopoteza mkwaju kwa uamuzi mbaya, tofauti na ule unaopotea kwa mkono tu. Alama nyingi zinatoka sehemu tatu: kulazimisha kupita kati ya miti, kulenga bendera iliyofichwa nyuma ya banka, na kufika grini pungufu. Hii ya tatu ni ugonjwa wetu wote wa ridhaa. Tunachagua fimbo kwa kukumbuka siku tulipoipiga vizuri kupita kiasi. Kama unadhani ni ayani 7, chukua 6, inayofika mbali zaidi, lenga katikati ya grini, na kusi ikivuma usoni chukua 5 bila kuona haya.

Muda wa mazoezi nao ni mfupi, kwa hiyo uutumie panapolipa. Nawaona wengi wakimaliza ndoo nzima kwa draivu, kisha wanaondoka bila kukanyaga grini. Kaa robo saa na pati za futi 3, halafu robo saa na pati ndefu za hatua 12 au 15, ukilenga tu mpira usimame karibu. Kupati mara tatu ndiko kunakomla mchezaji mpya kimya kimya.

Na uielewe handikapu yako, kwa sababu ndani yake kuna rehema ambayo wengi hawaioni. Mfumo wa handikapu wa dunia ulioanza mwaka 2020 huchukua raundi zako 20 za mwisho na kutumia 8 zilizo bora tu. Raundi 12 zinawekwa kando. Waliotunga hesabu hiyo walijua kwamba nyingi ya siku zako zitakuwa chini ya uwezo wako, wakaona ni jambo la kawaida kabisa. Mtu wa handikapu 18 akipiga 90 kwenye pa 72 amecheza sawasawa na uwezo wake, na hiyo kwake ni kazi kubwa. Anaweza kwenda hata mwezi mzima wa Jumamosi asiifikie.

Kama kuhesabu mikwaju kunakuvunja moyo, cheza kwa pointi za Stableford. Zilitungwa na daktari Mwingereza, Frank Stableford, na mashindano rasmi ya kwanza kwa hesabu hiyo yalifanyika klabu ya Wallasey mwaka 1932. Wallasey iko pwani na ina upepo, na mashimo marefu yalikuwa yakiwakatisha watu tamaa mapema kabla raundi haijashika kasi. Kwa pointi, shimo likiharibika unapata sifuri, unaokota mpira, unaanza upya kwenye tii inayofuata. Sisi wa pwani tunaijua hali hiyo. Ukiwa na handikapu yako na ukafikisha pointi 36, umecheza raundi yako vilivyo.

Nikirudi kwenye nane yangu. Wenzangu walikuwa wamehesabu saba, maana hakuna aliyeuona mpira ukisogea. Mmoja aliuliza, "Saba, siyo?" Nikasema nane, nikaeleza kuhusu jani. Akaandika, tukaendelea. Sikujiona shujaa, nilikuwa na hasira ya 74 iliyokufa. Miaka baadaye ndipo nilipopata habari za Jones kwenye US Open ya mwaka 1925, pale Worcester, Massachusetts. Raundi ya kwanza, kwenye shimo la 11, mpira wake ulisogea kwenye nyasi alipojiandaa kuupiga. Hakuna mwingine aliyeona. Akajiandikia mkwaju. Baada ya mashimo 72 alikuwa sawa na Willie Macfarlane, wakarudiana, Jones akashindwa kwa mkwaju mmoja.

Mchezaji mpya, mikono yako itakuangusha kila raundi, leo na miaka 20 ijayo. Kuhesabu hakutegemei mikono. Mtu wa handikapu 36 anaweza kutoa kadi yenye 108 ambayo kila namba ndani yake ni ya kweli, na mtu wa handikapu 5 anaweza kushindwa kufanya hivyo. Nimewaona wote wawili.

Kadi yangu ya 81 ninayo bado, ndani ya droo ya meza, imeanza kugeuka rangi. Kwenye kisanduku cha 14 mwenzangu alikuwa ameshaandika 7 kabla hajaniuliza. Akaikata kwa mstari, akaandika 8 pembeni, na sahihi zetu mbili ziko chini.