Vumbi la anga za juu hunaswaje?

Umeuliza Donald Brownlee, mwanaastronomia wa Marekani, alijuaje kwamba vumbi lake ni la anga za juu, si la kawaida tu. Kwanza ni mwinuko. Kuanzia miaka ya 1970, ndege za U-2, zinazoruka juu sana, zilibeba vibamba vilivyopakwa mafuta mazito ya silikoni, kilomita 20 hivi juu. Vumbi la ardhini huko ni haba, ila majivu ya volkano na oksidi ya alumini kutoka kwenye roketi hunasa pia, kwa hiyo kila chembe huchunguzwa peke yake kwa hadubini ya elektroni. Nyingi zina upana wa maikromita 10 hivi; ukiziosha mafuta kwa heksani (kiyeyusho cha mafuta) bila uangalifu, umezipoteza. Uthibitisho mzuri zaidi ni heliamu iliyopandikizwa ndani ya chembe na upepo wa jua, yaani mkondo wa chembechembe zinazotoka kwenye jua. Vumbi la Dunia halina kitu kama hicho.

Kunasa vumbi la kometi Wild 2 kwa chombo cha angani, Januari 2004, mafuta yasingefaa: chembe ziligonga kwa kilomita 6.1 kwa sekunde. Chombo hicho, Stardust, kilitumia erojeli, kitu kigumu chepesi mno chenye vinyweleo vingi, iliyozisimamisha ndani ya sentimita chache. Zile dhaifu zilisambaratika hata hivyo, na vipande vyake vikabaki kwenye kuta za tundu ambalo kila chembe ilitoboa ndani ya erojeli.