Maswali ya Wasomaji: Corsair ya Waingereza na Ncha za Mabawa Yake

SWALI: Ndugu Mhariri, nimenunua seti ya plastiki ya kuunganisha ndege ya kivita aina ya Corsair, ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, katika kipimo cha 1:48. Picha iliyo kwenye boksi pamoja na maelekezo yote ni ya ndege ya Marekani, ilhali mimi ningependa kuunda ile ya Jeshi la Majini la Uingereza, iliyoruka kutoka kwenye meli ya kubeba ndege katika Bahari ya Hindi mwaka 1944. Je, inatosha kubadili rangi na stika? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Haitoshi, kwa sababu tofauti iliyo kubwa kuliko zote imo katika umbo la mabawa, na mtu anayeifahamu ndege hii ataiona hata kabla ya kuangalia rangi. Corsair, iliyobuniwa na wahandisi wa kampuni ya Vought chini ya Rex Beisel na kurushwa kwa mara ya kwanza tarehe 29 Mei 1940, ilikuwa na mabawa yanayokunjwa kwa kuinuliwa juu, ili ndege nyingi zipate kuhifadhiwa ndani ya meli. Meli za Uingereza za aina ya Illustrious zilikuwa na sitaha ya deraya, na hanga (banda la kuhifadhia ndege) lililokuwa chini ya sitaha hiyo lilikuwa na kimo cha takriban mita 4.9 tu, kiasi kwamba mabawa ya Corsair yakikunjwa hayakupata nafasi ya kutosha chini ya dari. Waingereza walilitatua jambo hilo kwa kukata takriban sentimita 20 kwenye ncha ya kila bawa, na ndiyo maana Corsair zao zina ncha butu zinazokaribia mraba, wakati zile za Marekani zina ncha za mviringo.

Katika kipimo chako cha 1:48, sentimita 20 hizo ni milimita 4.2 hivi, mwenye seti ya 1:72 atakata karibu milimita 2.8. Kwanza kagua fremu zote za plastiki, kwa kuwa baadhi ya watengenezaji huweka ncha fupi ndani ya boksi bila kuzitaja kwenye maelekezo ya toleo la Marekani. Usipozikuta, gundisha nusu ya juu na nusu ya chini ya bawa, uache gundi ikauke kabisa, kisha weka alama kwa tepu kwenye mabawa yote mawili ukipima kutoka kwenye mstari uleule wa bati (mfereji mwembamba uliochorwa kwenye plastiki kuonyesha maungio ya bati), maana kosa la nusu milimita upande mmoja litaonekana waziwazi ndege ikitazamwa kutoka mbele. Kata kwa msumeno wenye meno madogo badala ya kukandamiza kwa wembe, ziba uwazi kwa puti, kisha uviringishe pembe kidogo kwa msasa laini.

Kabla ya kukata chochote, hata hivyo, tazama kioo cha chumba cha rubani. Corsair za mwanzo, ambazo Waingereza waliziita Corsair I, zilikuwa na kioo chenye fremu nyingi na mabawa yao hayakuwa yamekatwa. Kuanzia Corsair II, kioo kiliinuliwa na kupunguziwa fremu, na ncha za mabawa zikakatwa. Kwa hiyo, ikiwa seti yako ina kioo cha zamani peke yake, ukikata mabawa utapata ndege isiyolingana na ile unayoikusudia, na ni heri kutafuta kioo cha aina ya pili kuliko kuendelea.

Jambo jingine linalohitaji subira ni mpindo wa kudumu wa mabawa karibu na kiwiliwili. Injini ya Pratt & Whitney R-2800, yenye silinda 18 na nguvu za farasi zipatazo 2,000, ilizungusha rafadha yenye kipenyo cha mita 4.06. Ili rafadha hiyo isigonge sitaha na miguu ya magurudumu isiwe mirefu na dhaifu, mabawa yalishushwa kwanza kisha yakapandishwa. Pande mbili zisipoteremka kwa kiwango kimoja, modeli nzima itaonekana imelemaa, kwa hiyo ziegemeze kwenye vipande vya mbao vyenye kimo sawa mpaka gundi ishike. Mimi binafsi ningekushauri uunde modeli hii ikiwa na mabawa yaliyokunjwa, endapo seti inaruhusu, kwa kuwa hapo mtazamaji anaelewa mara moja ni kwa nini ncha zilikatwa.

Kuhusu rangi, tafuta zile ambazo kwenye makopo huandikwa Extra Dark Sea Grey na Dark Slate Grey kwa upande wa juu, yaani kijivu kizito na kijivu chenye ukijani, na Sky, yaani kijani hafifu, kwa upande wa chini. Usibandike nembo mpaka upate picha ya ndege uliyoichagua pamoja na tarehe yake, kwa sababu katika mapambano dhidi ya Japani Waingereza waliondoa sehemu nyekundu ya nembo yao, ili isidhaniwe kuwa ni duara jekundu la ndege za Kijapani. Kama bado hujachagua ndege, Corsair za meli ya Illustrious zilizoshiriki shambulio la Sabang, Sumatra, tarehe 19 Aprili 1944, zinastahili kufikiriwa kwanza.

SWALI: Nimesikia kwamba meli za kubeba ndege za Uingereza zilitia nanga Kilindini wakati wa vita. Je, Corsair zilikuwamo? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Meli zilikuja, lakini kwa miaka ile unayoifikiria ndege zilikuwa nyingine. Wajapani waliposhambulia Colombo tarehe 5 Aprili 1942 na Trincomalee siku nne baadaye, zote zikiwa Ceylon (leo Sri Lanka), Kikosi cha Mashariki cha majini cha Uingereza kilihamishia kituo chake Kilindini. Ndege za kivita za Illustrious wakati huo zilikuwa Martlet, jina ambalo Waingereza waliipa Grumman Wildcat, na ndizo zilizotumika Mei 1942 katika kuiteka Diego Suarez, kaskazini mwa Madagaska. Illustrious ilipoingia vitani na Corsair mwaka 1944, kikosi kilikuwa kimekwisha kurudi Ceylon. Anayetaka modeli inayohusiana na Kilindini ya 1942 na anunue Martlet, ambayo pia ni ndege inayopendeza sana kuiunda.

SWALI: Nimeona modeli nyingi za Corsair zikiwa na mabaka ya fedha mabawani, kuonyesha rangi iliyobambuka. Niweke kiasi gani? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Weka kidogo, na uweke mahali panapostahili. Wengi hawajui kwamba sehemu ya nje ya bawa la Corsair za wakati wa vita, nyuma ya boriti kuu, ilifunikwa kwa kitambaa, na usukani wa mkiani vilevile. Kitambaa hakiwezi kuonyesha alumini hata kikichakaa namna gani. Alumini ionekane kwenye mzizi wa bawa, mahali ambapo marubani na mafundi walikanyaga, na kwenye ukingo wa mbele wa bawa na wa vifuniko vya injini. Kwenye kitambaa, punguza tu ukali wa rangi kwa tabaka jepesi la rangi ileile iliyochanganywa na nyeupe kidogo, halafu umalizie kwa vanishi isiyong'aa.