Mama Anaanguka Usiku, Lakini Hataki Kuhama

SWALI: Ndugu Mhariri, mama yetu ana umri wa miaka 78 na amekuwa akiishi peke yake tangu baba alipofariki. Anapika, anafua na kupokea wageni wake kama kawaida, ila mwaka huu ameanguka mara mbili, zote usiku akielekea msalani. Hakuvunjika popote. Kaka yetu mkubwa ameamua kwamba mama ahamie kwake, naye mama anasema hatoki nyumbani kwake. Je, nimuunge mkono nani?

JIBU: Kabla ya kuchagua upande, tafuteni kinachomwangusha. Umetueleza saa na mahali, mambo ambayo familia nyingi husahau kuyauliza, na hayo yana thamani kuliko mabishano ya nani akae wapi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika kila watu 100 wenye umri wa miaka 65 na zaidi, kati ya 28 na 35 huanguka kila mwaka. Kwa hiyo kuanguka peke yake si ushahidi kwamba mama hajiwezi tena.

Mzee anayeinuka ghafla kutoka kitandani huweza kushukwa na presha, kwa kuwa mishipa yake haikazi upesi kama zamani ili damu ifike kichwani, akapata kizunguzungu hatua chache tu kutoka alipolala. Dawa za presha, za usingizi na za kuongeza mkojo huweza kuzidisha hali hiyo, na hizi za mwisho, zikimezwa jioni, huenda ndizo zinazomwamsha. Kusanyeni dawa zake zote, pamoja na za mitishamba na zile alizojinunulia mwenyewe, mzipeleke kwa daktari, na mumwombe ampime mama presha akiwa amelala na tena akiwa amesimama. Msimwachishe dawa yoyote kwa uamuzi wenu wenyewe. Kwa sasa, akiamka na akae kwanza ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili, miguu ikiwa sakafuni.

Njia ya kutoka kitandani hadi msalani iwe na taa usiku kucha, kwani jicho la mtu wa miaka 60 hupokea takriban theluthi moja tu ya mwanga unaofika ndani ya jicho la kijana wa miaka 20. Ondoeni zulia dogo linaloteleza. Chooni na bafuni fungeni vyuma vya kushikia, vilivyokazwa ukutani kwa skrubu. Chuma cha kutundikia taulo, ambacho wazee wengi hukishika kwa mazoea, hakikutengenezwa kubeba uzito wa mtu.

Linalobaki ni nguvu ya miguu, na hapa watoto wenye mapenzi mema ndio hukosea zaidi, kwa kumnyang'anya mzee ndoo, ufagio na sufuria wakidhani wanampumzisha, ilhali misuli isiyotumika hunywea haraka katika umri huo. Shirika hilohilo linashauri watu wa miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya kutopepesuka siku 3 au zaidi kwa wiki. Kuinuka kitini na kuketi tena mara kadhaa, karibu na meza imara, ni mwanzo mzuri.

Kaka yako ana hoja, lakini ajiulize kama nyumbani kwake kuna mtu mchana, na kama mama ataijua njia ya msalani gizani katika nyumba ngeni. Kuhama hakuondoi kizunguzungu. Mambo yangekuwa tofauti kama angekuwa anasahau moto jikoni, anachanganya dawa au anapotea njia aliyoizoea. Dalili hizo zijadilini naye sasa, akiwa na akili timamu, ili siku ya kuamua ikifika awe mmoja wa walioamua.

Kuna swali moja ambalo hukulijibu katika barua yako: alipoanguka, aliinuka mwenyewe, na baada ya muda gani? Kulala sakafuni kwa zaidi ya saa moja huweza kumletea mzee vidonda vya mgandamizo na upungufu wa maji mwilini, hata kama hakuvunjika mfupa. Kama hakuweza kuinuka, simu isikae mezani. Aivae shingoni kwa kamba, hata anapokwenda msalani, nanyi mpangiane zamu ya kumpigia kila asubuhi kwa saa maalumu, jirani mmoja akiwa na ufunguo wa akiba.