Kupaka rangi kabla ya Krismasi, mtoto akiwa na pumu

Dada, pole kwa kuuguza. Umeuliza kama mnaweza kupaka chumba cha watoto kabla wageni wa Krismasi hawajafika, na mdogo bado anakohoa kwa pumu. Mnaweza, ila rangi ya mafuta iacheni kabisa. Harufu ya thina inayochanganywa nayo huchokoza pumu. Nunueni rangi ya maji: kuta za chumba cha mita 3 kwa 3 hula kama lita 6, zikipakwa mara mbili (mikono miwili). Vumbi la msasa nalo ni hatari, hivyo tumieni msasa wa maji, ukuta umelowanishwa kwa sponji. Mvua za vuli huchelewesha kukauka. Mkono wa pili ukiwahi, rangi hubambuka. Mtoto alale chumba kingine mpaka harufu iishe. Akibanwa kifua na inhela (kipulizio cha dawa ya pumu) isimpe nafuu, hospitali mara moja.