Una Modela, Sasa Unatafuta Amplifaya ya Nguvu? Anzia Kwenye Spika

Wapiga gitaa wanaohamia kwenye modela, yaani kifaa cha kidijitali kinachoiga amplifaya za gitaa, wakija kuomba ushauri, swali la kwanza huwa lile lile: ninunue amplifaya ya nguvu, ile inayokuza sauti ya modela hadi iendeshe spika, ya wati ngapi? Mimi hulijibu kwa swali jingine: sauti yako itatokea kwenye spika gani? Hilo likishajibiwa, nusu ya kazi imekwisha.

Modela kama Helix, Kemper, Axe-Fx au Quad Cortex haiigi amplifaya peke yake. Inaiga pia kabineti ya spika na maikrofoni iliyowekwa mbele yake, mara nyingi kwa faili za IR, yaani faili zinazobeba tabia ya kabineti na maikrofoni hiyo. Sauti inayotoka hapo ni kama ya gitaa lililokwisha kurekodiwa. Ukiipeleka kwenye spika ya FRFR, yaani inayotoa masafa yote bila kupendelea, iache ilivyo. Nyingi ya spika hizo zina amplifaya ndani, kwa hiyo huenda huhitaji kununua chochote zaidi. Ukitaka kabineti halisi ya gitaa nyuma yako, hapo ndipo amplifaya ya nguvu inapohitajika, na hapo uigaji wa kabineti lazima uzimwe. Usipouzima, sauti inachujwa na spika mara mbili na inakuwa nzito, kana kwamba mtu ameifunika blanketi. Nimewaona watu wakiilaumu amplifaya mpya wiki nzima kwa sababu ya kitufe hicho kimoja.

Sasa turudi kwenye wati. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi la amplifaya ya tranzista kwa kawaida imepimwa kwenye spika ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika kwa umeme). Kabineti za gitaa nyingi ni za omu 8 au 16. Amplifaya inayotoa wati 200 kwenye omu 4 itatoa takriban 100 kwenye omu 8, na takriban 50 kwenye omu 16. Usikate tamaa lakini: wati zikipungua kwa nusu, sauti inashuka desibeli 3 tu, na sikio linahitaji takriban desibeli 10, yaani wati mara kumi, ndipo lione sauti imekuwa kubwa maradufu. Ndiyo maana kuhama kutoka wati 100 kwenda 150 ni kupoteza pesa.

Kinachobadilisha mambo zaidi ni wepesi wa spika yenyewe kugeuza wati kuwa sauti. Spika ya gitaa ya Celestion Vintage 30 inatoa desibeli 100 kwa wati moja ikipimwa umbali wa mita moja. Spika ya desibeli 97 itahitaji wati maradufu ili ifikie kiwango hicho. Watu hubadilisha amplifaya wakati kilichopaswa kubadilishwa ni spika. Angalia pia spika inahimili kiasi gani. Hiyo Vintage 30 ni ya wati 60, kwa hiyo ukiwa na moja tu kwenye amplifaya ya wati 200, mkono uwe mwepesi kwenye kitasa.

Kwa nini basi ninapendekeza wati nyingi kuliko za amplifaya ya valvu uliyoizoea? Kwa sababu ya akiba ya nguvu kabla amplifaya haijazidiwa. Valvu ikizidiwa inalainisha vilele vya sauti na masikio yetu yanaipenda, ndiyo maana valvu ya wati 50 inasikika kubwa kuliko namba yake. Tranzista ikizidiwa inavikata vilele, na mkato huo unauma masikio. Ile distosheni tamu tayari iko ndani ya modela, kwa hiyo amplifaya ya nguvu ifanye kazi moja tu, kuikuza. Sauti safi ndizo zinazomaliza akiba haraka, hasa mpiga dramu akiwa na mkono mzito. Kama unapiga safi sana, nunua kubwa. Kama unapiga metali tupu, wati chache zitakutosha kuliko unavyodhani.

Je, valvu au tranzista? Kwa mwanzoni ningesema tranzista ya daraja D (class D): nyepesi, haichagui kabineti sana, na haibadilishi alichokiiga modela. Amplifaya ya valvu hushika spika kwa ulegevu, hivyo besi za chini na masafa ya juu hujitokeza zaidi. Baadhi ya wapiga gitaa hiyo ndiyo ladha wanayoitafuta. Tatizo ni kwamba modela nayo inaiga tabia hiyo hiyo, kwa hiyo ukitumia valvu jaribu kuzima uigaji wa sehemu ya nguvu uone ipi inakupendeza. Valvu pia ina masharti: omu zilingane na kabineti, na usiiwashe bila spika kuunganishwa, transfoma inaweza kuungua. Tranzista kwa kawaida haina shida ikiwashwa bila spika, ila usiishushe chini ya omu za mwisho zilizoandikwa nyuma yake. Kumbuka kabineti mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba ni omu 4.

Kuna amplifaya za chaneli mbili zinazoweza kuungana kuwa moja yenye nguvu zaidi. Katika hali hiyo kiwango cha chini cha omu hupanda maradufu, kwa hiyo soma maelezo kabla ya kugeuza swichi. Na waya wa gitaa usitumike kwenda kwenye kabineti. Ni mwembamba na unaweza kupata moto. Nunua waya wa spika.

Kama fundi mitambo anachukua sauti moja kwa moja kutoka kwako, gawanya njia mbili: moja yenye IR iende kwenye mikisa (mashine yake ya kuchanganya sauti), nyingine isiyo na IR iende kwenye amplifaya. Kisha uweke kitasa cha sauti kisiathiri njia ya mikisa, la sivyo kila ukijipunguzia jukwaani, hadhira nayo inapunguziwa.

Mipangilio uliyoitengeneza chumbani kwa sauti ndogo itakusaliti. Watafiti wa usikivu Fletcher na Munson walionyesha tangu 1933 kwamba sikio husikia besi na masafa ya juu vizuri zaidi sauti ikiwa kubwa. Tengeneza upya kwa sauti ya mazoezi ya bendi, na besi ndiyo ya kwanza kupunguza.

Kabla ya kulipa, tafuta amplifaya yoyote ya gitaa yenye tundu la kurudishia sauti ya pedali. Chomeka modela hapo, zima uigaji wa kabineti, mpiga dramu awepo. Tundu hilo kwa kawaida linaruka hatua ya kwanza na kuingia moja kwa moja kwenye sehemu ya nguvu, kwa hiyo utajua kabineti halisi inakufaa au la bila kutoa hela.